Nywele za Kwenye Pindo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kizanzibari huko mtaa wa Hail, mjini Maskati. Mimi wa bara, tena Mkristo. Yeye Mwislamu, tena ulimi hauna breki. Tulipatana sana.

Kule mapumziko ni Ijumaa, basi na ibada yetu ilikuwa Ijumaa. Kikundi chetu cha Waswahili kilianza na watu ishirini hivi, kikabaki na saba. Wa mwisho kuondoka alikuwa rafiki yangu niliyetoka naye nyumbani, aliyefanya kazi mtaa wa Qurum, mji ule ule. Tuligombania nani aanzishe nyimbo, nami nikamwambia mbele za watu kwamba Mungu anapepeta na yeye ni pumba. Akachukua mkoba wake, akaenda zake. Miezi mitatu hatukusemezana. Iliniuma, lakini kiburi changu nacho hakikuwa kidogo.

Ikafika zamu yangu kufundisha. Nikachagua habari za nabii aliyeamriwa anyoe nywele zake, azigawe mafungu matatu: moja kwa moto, moja kwa upanga, moja kwa upepo. Chache tu azifunge katika pindo la nguo yake. Ndiyo hukumu ya mji, na zile chache ni masalia watakaopona. Tafsiri nilikuwa nayo tayari: masalia ni sisi saba.

Nikawa nalifanyia mazoezi somo langu kwa sauti jikoni huku nakuna nazi. Bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akanikatiza.

"Mwanangu, nnakusikia tangu asubuhi. Hizo zilizofungwa zimefanya jema gani kuzishinda zilizochomwa? Si zote za kichwa kimoja?"

Nikaacha kukuna, nikamgeukia.

Akafungua fundo la kanga yake, akamwaga mezani vilivyokuwamo: ufunguo, kifungo cha kanzu ya marehemu mumewe, karafuu tatu, na peremende iliyoanza kunata.

"Hivi sikuvifunga kwa wema wao. Mimi nafunga nisichotaka kinipotee."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilimjua nisiyetaka anipotee, na ni mimi niliyemtupa. Nikaomba simu.

"Nilikukosea," nikamwambia rafiki yangu. "Njoo Ijumaa nikuombe radhi mbele ya wale wale."

Akaniuliza, "Nyimbo anaanzisha nani?"

"Wewe."

"Haya. Maana wewe, shoga, sauti huna."

Alikuja. Nikaomba radhi, nikafundisha nilivyofunzwa na Bibi, wala hakuna aliyesinzia. Nikafunga Biblia nikitabasamu.

"Kuna mstari umeuruka," rafiki yangu akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeuruka makusudi, hata katika mazoezi ya wiki nzima. Unasema hata katika zile zilizofungwa, nyingine zitatolewa tena na kutiwa motoni. Nikaifungua tena Biblia, nikausoma kwa sauti, na safari hii niliyemwona motoni ni mimi mwenyewe. Rafiki yangu akanishika mkono mpaka nikamaliza.