Kikopo Nilichomtengenezea Mama

Harufu ya peremende hunichafua roho hadi leo. Wenzangu huziweka mdomoni wakaburudika, mimi husogea pembeni. Nitawaambia kwa nini, ila msinihurumie sana.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Ifakara. Kila msimu wa mpunga mama alivuka mto kwenda shambani upande wa Malinyi, akakaa kwenye dungu miezi kadhaa akifukuza ndege, nasi wa shule tukabaki mjini na bibi. Baba alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Alipeleka chumvi na mafuta ya taa, akarudi na salamu. Angalau ndivyo tulivyojua.

Mwaka ule mwenye duka wa mtaani kwetu alinipa kikopo kitupu cha bati kilichokuwa na peremende, pamoja na vipande vya karatasi ya kufungia zawadi, yenye maua mekundu. Niliponda wali wa jana ukawa gundi, nikabandika taratibu, ulimi nje. Bibi aliniambia nichanganye na maji ya mwarobaini, nikajifanya fundi kumshinda. Asubuhi nikakuta mende wamekula kona nzima. Nililia, kisha nikaziba pale kwa kipande cha jalada la daftari, cha bluu. Ndani niliweka sindano, uzi na vifungo, maana mama alikuwa akishona viraka vyake kule kule dunguni. Baba alikitia mfukoni, akaahidi kukifikisha mkononi mwake.

Mama aliporudi baada ya mavuno, visigino vimepasuka, nilimwamkia na kabla hajaketi nikamwuliza kama kikopo kilimfikia. Alimtazama baba, aliyekuwa akipangusa baiskeli. Kisha akanivuta kwake.

"Kilifika, mwanangu. Kizuri mno."

Likizo ilipofika baba alinipandisha basi hadi Mkula, kwa mwanamke mwenye genge la nyanya barabarani, niliyeambiwa nimwite shangazi. Alinikarimu, siwezi kumsingizia. Alipoona kifungo cha gauni langu kimekatika aliingia ndani, akatoka na kikopo cha maua mekundu chenye kona ya bluu, akachukua sindano yangu, akanishonea.

Nilielewa jambo moja tu, nalo silo: kwamba mama amegawa zawadi yangu. Tangu siku hiyo sikumtengenezea kitu tena. Akirudi kutoka shambani sikumkimbilia. Nilipoanza kazi, kitu cha kwanza kilikuwa shati la baba, na mama nikamwambia zamu yake itafika. Nilikuwa na kinyongo cha kijinga, na nilikilea vizuri.

Mwaka jana tulimzika baba. Wiki chache baadaye, mimi na mama tukichagua mchele, nikashindwa kujizuia. Nilimwuliza kwa nini alimpa yule mwanamke wa Mkula kikopo changu. Mama hakushtuka kusikia Mkula. Aliweka ungo chini.

"Kilikuwaje hicho kikopo?" akaniuliza. "Mimi sikukiona."

Alikuwa amedanganya ili nisimkose baba. Kweli sikumkosa, nikamkosesha yeye mtoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ya maziko nilimlilia baba, na aliyenishika nisianguke alikuwa mama.