Nilifuta namba ya kaunti ukutani, nyumba ya mama ikatoweka kwenye ramani

Wakuu salaam aleikum.

Miaka yote mimi ni msomaji tu humu. Leo naleta langu, na sitatia chumvi, maana aibu yenyewe ni yangu.

Naitwa Karisa, kwetu Barani, Malindi. Mtaani wengi tuna nyumba bila ardhi: kuta zako, udongo wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukiona namba ya rangi ukutani, unajua tingatinga liko njiani.

Basi kaunti ikaja na rangi.

Walisema safari hii mwenye ardhi ameshakubali, wanapanga mtaa. Njia, mitaro, taa, na kila nyumba iliyosajiliwa itapata hati. Nani aamini?

Mama alikuwa shambani Jilore. Nikachukua ndoo ya chokaa nikaifuta namba ya nyumba yake. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Miezi ikapita, tukaitwa uwanja wa shule.

Hapa niwape sifa zao. Hawakuleta makaratasi. Walikuwa wamechora mtaa mzima mchangani kwa kamba na vigingi, kila mtu asimame kwenye nyumba yake aseme kama imekaa sawa. Watu wazima wakicheka, mmoja akilalamika choo chake kimehamia kwa shemeji.

Mama akatafuta yake. Akazunguka mara mbili. Pale pa nyumba palikuwa na njia ya gari la zimamoto.

"Karisa mwanangu, nyumba yangu i wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamweleza ukweli afisa wao, dada mmoja mpole. Hakunifokea. Alisema walipopita kupima, mlango ulikuwa umefungwa na ukuta hauna namba, wakadhani ni gofu lisilo na mtu. Kuirudisha, jirani wa kupakana lazima athibitishe hadharani, papo hapo.

Jirani mwenyewe ni Bi Zuhura.

Wakuu, nilikuwa sijampa shikamoo mwaka mzima! Ugomvi wa maji ya bati lake kumwagikia ukuta wetu. Tena njia ile ikipita kwetu, duka lake linakuwa kando ya barabara. Bahati kama hiyo nani aiache?

Bi Zuhura akakusanya buibui lake, akaja kusimama ubavuni mwa mama.

"Huyu Mama Karisa nilimkuta hapa nilipoolewa. Nilipolazwa, wanangu walikula kwake. Nyumba yake ndiyo hii. Hiyo njia yenu ipindeni, ipite uani kwangu. Jiko nitalisogeza."

Mpima ardhi wao akang'oa vigingi, kamba ikapinda. Mama akamshika mkono. Mimi nililia mbele za watu, sifichi.

Leo njia ipo na mtaro ni mkavu. Mama ana hati kwa jina lake, ameifungia kwenye kanga ndani ya sanduku na hataki hata mimi niiguse. Ana haki.

Nilichojifunza: serikali ukiishuku, sawa, lakini nenda kaulize kabla ya kushika brashi. Na ramani inayomuuliza jirani ni bora kuliko ile inayochorwa ofisini.

Kwenu kaunti zimefanya nini cha maana? Leteni, na wenye kunicheka ruksa.

Ila kuna swali linanisumbua bado. Siku ile kama iliyokosekana ingekuwa nyumba ya Bi Zuhura, na shahidi ni mimi, sina hakika kama ningefungua mdomo.