Kanda Kutoka Pwani ya Ubani

Mwenzangu, juzi nimeingia duka la Wahabeshi pale Wheaton, huku Marekani, kutafuta bizari, kumbe mwenye duka anafukiza ubani nyuma ya kaunta. Nilisimama na kikapu changu kama mjinga, mwanamke mzima, nimerudi darasa la nne, miaka ya tisini ikiyoyoma.

Tulikaa ghorofa ya tatu, mimi, mama na bibi. Bibi hakuweza kukaa bila kufukiza, na kile kidude cha kunusia moshi cha darini hakikumvumilia, kikilia mpaka majirani wanatoka nje na makoti. Mama akakivika kofia ya nailoni ya kuogea, yakaisha. Nikirudi skuli nilipanda ngazi nikiufuata moshi ule, najua chai ya iliki na mkate wa ufuta viko tayari.

Bibi alikuwa na hamu moja tu: amwone dada yake. Walitengana Unguja wangali wasichana, mwenzake akaolewa Salala, kule Omani, kwenye pwani ulikotoka ubani tangu zama za kale. Walikuwa wakizungumza kwa simu kila Jumamosi asubuhi. Halafu mwaka ule dada akawa hapatikani. Mara kalala, mara yuko harusini, mara sauti imemkauka. Bibi akachoka na visingizio, akawaambia jamaa wa kule basi mpigeni video nimwone.

Kanda ikaja. Kanda za kule hazikubali kwenye mashine za Marekani, ikabidi mama aipeleke duka moja Rockville ikageuzwe, nayo ikarudi bila sauti, rangi zimefifia. Jamaa wa kule walikuwa wametembea siku nzima. Kwanza miti ya ubani, mifupi, vitone vyeupe vinachuruzika kwenye magome. Halafu magofu ya mji wa bandari, yanatazama ghuba isiyo na chombo hata kimoja. Halafu majabali ambayo bahari inaingia chini yake na kuruka juu kupitia matundu. Watu wanacheka, midomo inakwenda, sauti hakuna. Na kila mahali, nyuma kidogo ya wenzake, mwanamke wa buibui, barakoa imemficha uso, anapunga mkono.

"Yule pale mama mkubwa," mama alisema, haraka mno.

Kesho yake mama alipokwenda kazini bibi akanitaka niiweke tena. Na keshokutwa pia. Wiki nzima tulikaa kwenye zulia, mapazia yamefungwa, yule mwanamke anatupungia. Nilianza kumwogopa, wallahi. Nikienda jikoni nilipita nimempa mgongo.

Ijumaa bibi akaniambia nisimamishe kanda pale penye miti. Mwanamke amenyoosha kiganja cha kulia, anawekewa punje ya ubani. Picha inatetemeka. Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Dada yangu aliungua mkono huu na makaa ya chetezo cha ubani tukiwa watoto," alisema. "Vidole viwili vilishikana. Hivi ni vya msichana."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, basi huyu ni nani. Akasema atakuwa mjukuu, wamemvika nguo za marehemu. Hivyo ndivyo alivyosema, marehemu, na mimi nikaelewa.

"Wamenificha kwa kunipenda. Na mimi nitawaficha kwamba najua. Usimwambie mama yako."

Nikajibu, "Okei." Nikaenda kuchukua biskuti.

Kesho yake bibi akapiga simu Salala, mama kakaa pembeni anasikiliza. Akacheka, akawashukuru kwa matembezi, akasema mpeni dada salamu zangu. Kila Jumamosi alimsalimia, nao wakamjibia, miaka miwili, mpaka naye akaondoka duniani.

Siku hizi ghorofa lile halipo, na wajukuu wa Salala nikiwapigia wananijibu Kiarabu. Lakini hayo si yanayoniuma. Dada yake alipokufa, bibi hakutandikiwa jamvi la matanga. Hakuna aliyekuja na chupa ya kahawa, hakuna aliyemsomea khitma dada yake. Aliukalia msiba ule peke yake, huku akinipakulia chakula na kunisuka nywele. Mtu pekee aliyeweza kumpa pole nilikuwa mimi, na sikumpa.