Wanawake wa Karatasi

Chumba cha mbele cha Mama Dobi kilijaa wanawake wa Kijapani, wote wa kuchorwa. Walipanda ukutani kutoka usawa wa kiti hadi karibu na dari. Mmoja alichana nywele, mwingine alibana ncha ya taulo kwa meno, mwingine aliinama akikata kucha za mguu, na mmoja alikuwa ndani ya chandarua, haonekani vizuri, kama moshi. Hakuna aliyetazama mbele. Wote waliangalia pembeni, kama watu walionyamaza ghafla baada ya mgeni kuingia.

Mke wa mwanawe aliwakuta hapo alipoolewa. Mwanzoni aliwaonea haya, akawa anawapa mgongo akibadilisha nguo. Mumewe alimcheka. "Hao hawali wala hawasengenyi. Utapata wapi mawifi kama hao?"

Mama Dobi alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani tangu ujana wake. Huko ndiko alikompata wa kwanza. Alifungua droo ya chumba kilichohamwa akamkuta ametandikwa chini kama gazeti, mwanamke ameinama juu ya kitambaa, kola imemwacha shingo wazi kwa nyuma. Mama Dobi aliketi kwenye kitanda cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ilikuwa shingo ya Chiku," alimwambia mkwewe, siku walipokuwa wakikunja shuka pamoja. "Shingo yake kabisa."

Chiku alikuwa binti yake, dada wa huyo mume. Walimpa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Homa ilimchukua akiwa bado mtoto wa shule, na nyumba ikawa kimya mpaka leo.

Tangu siku ya droo, Mama Dobi akawa mtu wa kutafuta. Mzee mmoja muuza vitabu vya zamani, waliyemwita Kurasa, ndiye aliyemwekea akiba. Mkwe aliwahi kufuatana naye huko.

"Mama Dobi, nimekutunzia mke mwingine," Kurasa alisema, akipuliza vumbi.

"Mtunze wako, huyo uliyemwacha nyumbani na hasira zake."

"Lakini nisije nikakudanganya. Hii si ya asili. Ni nakala. Ya zamani sana, imechapwa kwa mikono, kwa mbao za kuchonga, ubao mmoja kwa kila rangi, lakini nakala."

"Wangu wa asili najua alipolala. Nipe hiyo nakala."

Aliishika kwa ncha za vidole. Karatasi ilikuwa laini, ina nyuzinyuzi ukiiinua kwenye mwanga, na pembeni ina muhuri mdogo mwekundu. Hakuitazama yote. Aliufunika uso wa yule mwanamke kwa kiganja, akaangalia mkono tu.

Njiani akaeleza. "Huyu ana kidole cha mwisho kilichojitenga na wenzake. Chiku alikuwa hivyohivyo. Yule wa kucha ana goti lake. Yule wa taulo, basi tena! Mikono ikimjaa anashika pindo la shuka kwa meno, na mimi namgombeza, 'Utaniachia mate kwenye shuka la watu!'"

"Na uso, Mama?"

"Uso sijaupata. Hawa nyuso zao zote moja. Aliyewachora akifika usoni anakuwa ameshachoka."

Walicheka wote wawili. Lakini mkwe aliporudi ndani alielewa kwamba ukutani hawakuwa wanawake wengi. Alikuwa msichana mmoja, ametawanyika, anangoja uso.

Kisha naye akajifungua. Mtoto wa kike, mwenye kope ndefu. Mama Dobi alifunua blanketi, akamtazama kwa muda mrefu mpaka mzazi akaanza kuona baridi.

"Uso huu hapa," Mama Dobi akasema.

Bibi wengine humtania mjukuu wa kike, wakamwita mke mwenza, wakamtisha kumnyang'anya mume. Huyu hakutania. Alimbeba mtoto kutoka picha hadi picha, akimsogeza shavu karibu na shingo ile, na mkono ule. Jina ambalo baba yake alimpa hakulitamka hata mara moja. Akawa anasema Chiku. Chiku wangu kaamka? Chiku kashiba?

Mama yake mtoto alimlalamikia mumewe. "Mtoto ana jina lake. Akikua atajijua ni nani?"

"Mwache mama. Ni jina la utani tu."

"Si la utani. Anamwambia, 'Mbona ulikawia hivi?' Nimemsikia kwa masikio yangu."

Mume akajifanya anafunga kamba za viatu.

Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kukaa. Ukimweka mkekani anageukia ukuta, anacheka, anatoa sauti na kunyamaza, kisha anatoa tena, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Mama yake akamgeuza upande wa pili. Akageuka tena.

Asubuhi moja Mama Dobi alirudi kutoka kwa Kurasa akihema, na si kwa uchovu wa njia. Alifunua picha iliyokunjamana: mwanamke amembeba mtoto mgongoni, wote wanachungulia beseni la maji, na ndani ya maji nyuso zao zinaonekana zimekaribiana.

"Sasa wametimia," alisema. "Mwanangu, ninyooshee. Pasi ya uvuguvugu tu, katikati ya vitambaa viwili. Mimi mikono inatetemeka. Nipe Chiku nimshike."

Mkwe akampa mtoto. Akatandika kitambaa cheupe juu ya picha. Na hapo mkono wake ukafanya kile ulichofundishwa na Mama Dobi mwenyewe, mbele ya kila shuka tangu aolewe: ukachovya vidole kwenye bakuli la maji na kunyunyiza. Akashusha pasi. Mvuke ukalia.

Aliponyanyua kitambaa, kikaja na yule mwanamke. Bluu ya nguo yake, wekundu wa midomo, vyote vilikuwa vimehamia kwenye kitambaa, vimegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Kwenye karatasi zilibaki nyusi na mstari wa beseni. Zile nyuso za majini hazikuwepo.

"Mama. Mama, nisamehe. Nilinyunyiza maji."

Mama Dobi aliangalia.

"Ilitoka hivihivi," alisema polepole. "Picha ya Chiku, ya kamera. Tulikuwa nayo moja tu. Baba yake alitembea nayo kwenye mfuko wa shati siku za msiba, na mimi nikalifua lile shati. Mimi! Sijawahi kutia nguo ya mtu majini bila kupapasa mifuko. Siku ile sikupapasa. Ikatoka karatasi nyeupe." Akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Haidhuru. Ya karatasi na iende. Huyu sitamfua."

Mtoto alianza kulia. Mkwe akaweka pasi kando, akapiga magoti mbele ya kiti. Hakunyoosha mikono kumchukua mwanawe, ingawa mwili wote ulitaka.

"Mama, uso wa Chiku ulikuwaje?"

"Si ndio huu hapa?"

"Ukifumba macho, Mama. Bila kumwangalia huyu."

Mama Dobi akafumba. Midomo ikacheza. Alisema shingo, akasema kidole, akasema meno yakibana shuka. Kisha chini ya kope macho yakawa yanatembea huku na huku kama mtu anayepapasa chumba chenye giza.

"Siuoni," akasema. "Umeondoka siku nyingi. Nilijua, mwanangu. Ningekubali wowote."

Alifumbua macho, akambusu mtoto kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake. Lilimtoka kwa shida, kama neno la kigeni. Akamrudisha kwa mama yake, akaenda uani kuanua mashuka, na huko alisikika akipenga kamasi.

Mkwe alibaki amemkumbatia mwanawe. Alimkalisha mkekani akamwita kwa jina lile. Mtoto alikuwa ameshatulia, anaangalia ukuta. Akamwita tena, karibu na sikio, akapiga na makofi. Mtoto hata hakupepesa.

Mama yake akaangalia mlangoni kuhakikisha yuko peke yake.

"Chiku," akanong'ona.

Mtoto akageuka upesi, akacheka, akamnyooshea mikono yote miwili.