Weka Mahali pa Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koleo wala bisibisi. Meneja wa duka letu la Lodwar, mtu mfupi aliyependa kuongea na wewe huku anatazama barabarani, alinipa maneno ya kukariri. "Mteja akileta kitu kimeharibika, kwanza uliza risiti. Halafu hesabu miezi. Kama mwaka umepita, mwambie dhamana imeisha. Mwambie kwa adabu, lakini usiongeze neno." Nilikuwa kijana na nilitaka sana ile kazi. Niliyarudia maneno yake njia nzima nikitembea kurudi nyumbani Kanamkemer.

Ninyi vijana wa siku hizi mnanunua vitu kwa simu na hamsomi hata karatasi iliyo ndani ya boksi, kwa hiyo niwaeleze. Dhamana ni ahadi ya mwenye kuuza: kitu kikiharibika chenyewe ndani ya muda fulani, atakitengeneza au atakubadilishia. Muda ukipita, ahadi yake imekwisha. Lakini ahadi ya duka si sheria ya nchi. Katiba yetu ya sasa inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na fidia akiumizwa na kitu kibovu. Haisemi kwamba haki hizo zinakufa siku dhamana inapokufa. Feni ikichoka kwa uzee, hiyo ni shida yako na fundi wako. Kitu kilichotoka kiwandani na ubaya wake ni habari nyingine kabisa. Siku ile Katiba hiyo ilikuwa bado haijaja, lakini hata tofauti ya uzee na ubaya wa kiwandani Meneja hakuniambia, na sidhani alikuwa anaijua.

Miaka mingi nilitengeneza redio, pasi, feni na friji. Feni zilikufa kuliko vitu vyote, maana Lodwar feni haipumziki. Kila kitu kilikuja na kijitabu, na kila kijitabu kilisema weka mahali pa baridi. Mahali pa baridi, Lodwar. Nilikuwa nawaambia wateja waiweke feni ndani ya friji, wanacheka, tunaendelea na kazi.

Kisha sola ikaja, duka likafungua tawi Kakuma, nami nikahamishiwa huko. Meneja wa Kakuma alikuwa kijana wa shahada, shati la mikono mirefu hata saa nane mchana. Hakuwa mtu mbaya, niseme hivyo mapema. Wateja walikuwa wafugaji waliouza mbuzi, wafanyabiashara Wasomali, na watu wa kambi ya wakimbizi, wa kila taifa. Kitu kilichotoka zaidi ni betri ya lithiamu ya kuwasha taa za nyumba, boksi jeupe unaloweza kulibeba kwapani. Ndani kuna seli, yaani vifuko vinavyotunza umeme, na kidhibiti chaji, kibao kidogo cha saketi kinachozuia seli zisijazwe kupita kiasi. Kidhibiti kikiwa kibovu, seli zinajazwa mpaka zinavimba.

Betri za mzigo mmoja zilianza kuvimba baada ya mwaka kupita, dhamana imekwisha majuzi tu. Ya kwanza niliifungua mezani kwangu. Ilipiga mluzi mwembamba, ikatoa moshi mweupe, halafu moto. Nilikimbia. Sioni haya kusema nilikimbia, na hata leo nikisikia birika linapiga mluzi nasimama nilipo.

Nilikwenda kwa Meneja mikono inanuka moshi. Nikamwambia, "Hizi betri zikija tuzichukue, hata kama mwaka umepita. Watu wanalala nazo."

"Fundi, nikichukua moja nje ya dhamana, kesho watu watapanga foleni mpaka barabarani. Wewe kazi yako ni nyaya."

"Nyumba za kambini ni miti na turubai, Meneja."

"Nimekusikia," akasema, na akarudi kwenye kompyuta yake. Nilijua hakunisikia.

Siku chache baadaye nilitoka kunywa chai. Niliporudi aliniambia, bila hata kuinua kichwa, "Kuna mama alikuja na ile betri yako ya kuvimba. Yule Mkongo mshonaji, Mama Riziki. Nimemrudisha."

"Amekwenda nayo wapi?"

"Nyumbani. Aliniuliza aifanye nini, nikamwambia aiweke mahali pa baridi, kama kijitabu kinavyosema."

Mama Riziki alikuwa amenishonea suruali niliyokuwa nimeivaa, na nilijua ana watoto wadogo, ila sikujua anapoishi. Nilitoka mbio mpaka steji ya boda. Ekai, mmoja wa wale waendesha pikipiki, ndiye aliyekuwa amempeleka. "Ejok, fundi, mbona hivyo?" akaniuliza. Sikumjibu salamu. Nilimwambia anipeleke pale pale alipomshusha, na asisimame kwa mtu. Njia nzima nilikuwa natazama juu ya mapaa nikitafuta moshi, na kila jiko la mkaa lililofuka liliniua kidogo.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mama Riziki alikuwa nje kwenye cherehani. Nilimuuliza betri iko wapi, akanionyesha ndani. Kitanda kilikuwa kimoja, na watoto wawili walikuwa wamelala juu yake usingizi wa mchana. Chini ya kitanda kulikuwa na gunia limeloweshwa maji, limefungwa vizuri kwa kamba.

"Meneja alisema mahali pa baridi," akaniambia. "Njo nimeifunga vile batu ba hapa banafungaka maji."

Alikuwa amejifunza kwetu. Sisi tukitaka maji ya kunywa yapoe, tunafunga dumu kwa gunia, tunalilowesha, upepo unamaliza kazi. Lakini betri si dumu. Maji yakiingia yanaunganisha chanya na hasi, hiyo ndiyo shoti, na betri iliyovimba haihitaji zaidi ya hapo.

"Mama, toa watoto," nikamwambia polepole, maana niliogopa sauti yangu ingewatisha. Aliniangalia usoni. Aliwabeba wote wawili kwa mara moja.

Nilijaza karai mchanga, nikapiga magoti, nikaivuta na gunia lake, nikaiweka juu ya mchanga. Joto lilipita kwenye gunia mpaka viganjani. Nilibeba lile karai mpaka kwenye laga, ule mto mkavu nyuma ya nyumba, miguu inataka kukimbia na mikono haitaki karai litikisike. Nilifikiria mke wangu, nikafikiria kwamba sikuaga. Niliiweka chini, nikageuka, na nilikuwa sijafika mbali niliposikia ule mluzi. Moto ulipanda juu kuliko mimi. Mama Riziki alikuwa ukingoni, mtoto mmoja kila upande, wanatazama ule moto wa kitu kilichokuwa chini ya kitanda chao dakika chache zilizopita.

Alikuja dukani siku hiyo hiyo, lile karai kichwani, mabaki meusi ndani. Aliliweka juu ya kaunta mbele ya wateja.

"Mama, pole sana," Meneja alianza, "lakini dhamana ya..."

"Papa, mi siombi ingine," alisema. "Weye uniambie tu. Bale bengine banajua?"

Meneja alitazama karai. Kisha yeye mwenyewe akampigia simu Msimamizi wa Kanda, mbele yetu, na akamwambia kila kitu, hata lile la mahali pa baridi. Msimamizi, mama mkali, alifika kwa gari kutoka Lodwar. Aliniita pembeni. "Fundi, tukitangaza, watu wataogopa kununua."

"Madam, waogope kununua. Sasa hivi hawaogopi kulala."

Ilitangazwa makanisani, msikitini na kwenye redio: leteni, bila risiti, hakuna atakayeulizwa miezi. Zilikuja kwa mikokoteni na kwa boda, nyingine bado zimefungwa magunia yenye maji. Kila aliyeleta alipewa nyingine. Mama Riziki alichukua yake na akaiweka nje ya mlango.

Lakini hazikurudi zote. Kitu kikitoka dukani kinauzwa tena, kinapewa shemeji, kinahama na wavuvi. Nilistaafu tukiwa bado tunaziulizia.

Juzi nilikwenda Lowarengak, ziwani kwa wavuvi, kumwona binti yangu aliyeolewa huko. Aliniletea kigoda, mjukuu akaja kunishika mkono. Kabla sijakaa niliona, chini ya kitanda, gunia limeloweshwa maji. Nilimwambia binti yangu amtoe mtoto nje. Alishangaa, lakini alimtoa. Nilipiga magoti kwa shida, magoti yangu si yale ya Kakuma, nikaweka kiganja juu ya gunia.

Lilikuwa baridi. Lilikuwa dumu la maji tu. Binti yangu alinimiminia kikombe, nikakishika kwa mikono miwili, na bado nusu yake ilimwagika.