Fundi Cherehani Anayetambaa

Fundi cherehani wetu wa Kanyenye hanywi chai kwenye nyumba yenye mtoto kabla yeye mwenyewe hajatambaa sakafuni. Hukunja gauni, hupiga magoti, akapapasa mkeka kwa viganja huku akinung'unika hatari anazotafuta: vifungo, vidonge, waya wa pasi. Penye mtoto anayetembea, hufunika ndoo za maji. Penye anayeparamia, hutikisa kabati aone kama litaanguka.

Mtoto wa jirani yetu Najiat alipotimiza siku arobaini, tulikusanyika kwao, na fundi akaibuka kutoka chini ya kochi akiwa na sindano yenye uzi mwekundu.

“Nani kaacha hii?” alifoka.

Sote tukamtazama kifuani, anapochomeka sindano zake. Zote zilining'iniza uzi uleule mwekundu.

Akajitazama. “Basi niwekeni juu ya kabati,” akasema, “mtoto asinifikie.”