Sinia Niliyoiita Manowari

Nilisikia ngurumo juu ya bati kabla sijaiona dirishani ndege yenyewe ikishuka kuelekea Ukunda, na laiti ningeziba masikio, kwa sababu aibu ninayowasimulia (bado inanichoma) ilianzia hapo, ukumbini kwa kina Mwanaisha, msichana niliyetaka kumwoa, huko Mwabungo.

Kwetu mposaji haendi kuposa, hubaki nyumbani akamtuma mshenga, na mshenga wangu alikuwa Ami Hamisi, mtu wa maneno machache yaliyopimwa. Lakini mimi, mwandishi wa riwaya isiyokwisha, nikaona hakuna atakayenisemea vizuri kuliko mimi mwenyewe, nikamfuata kutoka Bongwe.

Basi ndege ikapita, nami nikaanza kueleza manowari za kubeba ndege (zimo riwayani mwangu), nikasema hiyo ndiyo meli inayotangulia vitani, inamsogelea adui mpaka wanaonana, ndipo ndege zinaruka. Mzee Salimu, baba yake Mwanaisha, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ami akanikanyaga mguu. Nikavuta sinia ya kahawa na kaimati tuliyoandaliwa, nikasema hii ndiyo manowari, kaimati hizi ndizo ndege, nikaisukuma kumwelekea mzee kana kwamba yeye ndiye adui, na birika la kahawa likapinduka juu ya kanzu yake nyeupe.

Aliipangusa taratibu, kisha akasema amestaafu jeshi la majini. (Mwanaisha aliwahi kuniambia baba yake alifanya kazi melini, sikuuliza zaidi, nikadhani za mizigo.)

"Mwanangu, meli ile haijipeleki mbele. Adui akiiona, imekwisha. Hukaa mbali, manowari nyingine zikiizunguka kuilinda, na zinazokwenda kupigana ni ndege." Akamtazama Ami, kisha akanigeukia mimi. "Nawe ulikuwa na wako wa kumtuma."

Nikaomba radhi. Akasema jibu atampa Ami, atakapomwita, aje peke yake. Mwezi wa tatu huu, Ami hajaitwa. Ile sura ya manowari nimeichana, na nimeapa kwamba nikiwa tena na jambo la moyoni, nitakaa Bongwe ninyamaze. Lakini kinachonirudia kila siku ni kule kutoka kwangu, kichwa chini, viatu mkononi: nilimsikia Mwanaisha akiniita mara moja, kwa sauti ndogo, nikaona haya kugeuka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.